Mashine ya karata: ipo mbinu ya kuishinda kweli, au tunaliwa tu?

TuktukMaweni

Salaam aleikum wakubwa, na shikamooni kwa wanaostahili.

Mimi naendesha tuktuk ya mtu hapa Malindi. Kituo changu ni Barabara ya Lamu, na usiku abiria wangu wengi hutoka kasino. Yuko mzee mmoja wa Kitaliano ambaye nampeleka Casuarina kila akimaliza. Zile za matunda hazigusi kabisa, yeye ni ile ya karata tu, video poka. Ananiambia hiyo si bahati tupu: ukijua karata ya kushika na ya kutupa, mashine inakurudishia 99.5 katika kila 100, na huko Marekani wako watu waliofanya ndiyo kazi yao.

Sasa jamaa yangu wa kituoni amenunua maandishi ya "mbinu" kwenye Telegram kwa shilingi 3,500. Yana karata za kushika, kama alivyosema yule mzee, lakini pia yanasema ucheze baada ya saa tisa usiku, usikae kwenye mashine iliyotoka kulipa mtu, usitie kadi ya uanachama kwa sababu inaibana mashine, na ukiona jozi zinakuja mfululizo ujue iko karibu kutema.

Nina 60,000 nilizoweka kidogo kidogo ili nianze tuktuk yangu mwenyewe. Jamaa anataka nitoe 20,000 tucheze pamoja. Naomba anayejua hizi mashine kwa ndani aniambie. Sitaki mawaidha ya kamari peke yake, hayo nayajua. Nataka kujua kama hesabu ipo.

---

KaskaziKusi

Ipo. Mimi sina elimu ya mashine lakini nimezikalia sana. Mashine ni kama mtungi, ikijaa lazima imwage. Ukimwona mtu amekaa saa nzima amepoteza akaondoka, kaa wewe pale pale. Na ukipoteza, zidisha dau: 100, halafu 200, halafu 400. Siku moja tu ya kushinda inarudisha zote. Jamaa yako hajakudanganya.

---

FundiShela

TuktukMaweni, mdogo wangu, aleikum salaam. Umeuliza swali la haki na nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu kazi hii nimeifanya. Nilikuwa fundi wa mashine za michezo hapa pwani kabla ya kuhamia friji na mashine za barafu za wavuvi. Nimezifungua, nimetoa sarafu zilizokwama, nimebadilisha vioo na vitufe, na kila mwisho wa zamu nilikuwa nikisoma mita zake. Kwa hiyo nakwambia nilichokishika kwa mkono.

Kwanza, mzee wako wa Kitaliano amesema kweli, ila kweli nusu.

Video poka ni tofauti na mashine ya matunda. Ile ya matunda ukishabonyeza huna la kuamua. Ya karata inakugawia tano, unachagua za kubakiza, inakubadilishia nyingine. Kama mashine ni ya haki, ndani yake mna karata 52 zilizochanganywa upya kila mkono, yaani kila mara inapokugawia, na hapo hesabu inafanyika kwa sababu karata 52 zinajulikana. Sheria za Nevada, jimbo la Marekani lenye Las Vegas, zinalazimisha hivyo: mashine ikionyesha karata, kila karata iwe na nafasi sawa na ile ya karata za mkononi. Ndiyo maana wataalamu waliweza kuzipiga hesabu zote, mikono 2,598,960 inayoweza kugawiwa, na kwa kila mmoja wakajua kipi bora kubakiza.

Lakini hiyo 99.5 haitoki kwenye akili ya mchezaji. Inatoka kwenye jedwali la malipo lililoandikwa juu ya kioo. Mchezo wa kawaida unaoanza kulipa jozi ya J kwenda juu, tazama mistari miwili tu: ule wa tatu na mbili, yaani karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, na ule wa tano za aina moja, kopa tupu au shupaza tupu. Ukikuta inalipa 9 na 6 kwa kila sarafu, mchezaji asiyekosea hata mkono mmoja anarudishiwa wastani wa 99.54 katika 100. Ukikuta 8 na 5, ni 97.30. Ukikuta 6 na 5, ni 95 tu. Mashine zote tatu zina sura moja, taa zile zile, muziki ule ule. Mwenye nyumba ameshaamua kabla hujavuta kiti.

Sasa zigeuze ziwe shilingi. Chukua sarafu tano za 20, dau la 100 kwa mkono. Mtu mwepesi hucheza mikono kama 400 kwa saa, kwa hiyo ndani ya saa moja amezungusha 40,000, hata kama mfukoni aliingia na 5,000. Kwenye 6 na 5 anaacha pale wastani wa 2,000 kwa saa. Kwenye 8 na 5, 1,080. Kwenye 9 na 6, 184. Na hizo zote ni kwa yule asiyekosea. Mtu wa kawaida anayefuata moyo huongeza hasara yake juu ya hapo.

Sehemu ya karata kwenye maandishi ya jamaa yako inaweza kuwa sahihi, na ni elimu isiyohitaji kulipiwa 3,500, kwa sababu imeenea bure. Nakupa michache uone nisemavyo. Ukiwa na jozi ndogo, tuseme 6 mbili, na pembeni una J, shika jozi, tupa J. Usishike jozi pamoja na ree "kwa usalama", ile ree inakula nafasi ya kuja ya tatu. Ukiwa na jozi ya Q na wakati huo huo karata nne za kopa, bakiza jozi. Lakini jozi ikiwa ndogo, kimbilia kopa nne. Na ukiwa na nne za ule mkono mkubwa kabisa, 10, J, Q, K na ree za aina moja, unavunja karibu kila kitu kuifuata ya tano, hata kama tayari unazo tano za aina moja zinazolipa. Uwezekano wake ni mmoja katika 47, na bado hesabu inasema vunja. Wengi mkono unawatetemeka hapo.

Jambo jingine la kweli ni dau kamili. Ule mkono mkubwa hulipa 250 kwa kila sarafu ukicheza moja hadi nne, lakini ukicheza tano unalipa 4,000, yaani 800 kwa kila sarafu. Anayecheza sarafu moja "kwa tahadhari" amejikata zaidi ya asilimia 1 bila kujua.

Hayo ndiyo ya hesabu. Yaliyobaki kwenye yale maandishi, saa tisa usiku, kadi ya uanachama, mashine iliyotoka kulipa, jozi mfululizo, yote ni uongo, na asili yake ni moja: mtu anadhani mashine inakumbuka. Haikumbuki. Ndani kuna kijisehemu kinachozalisha namba bila kupumzika, mfululizo, hata wakati hakuna mtu aliyekaa. Ukibonyeza, inashika namba ya wakati ule, inakugawia, basi. Mkono uliopita haumo popote kwenye hesabu ya mkono ujao. Mita zipo, ndiyo, moja ya kilichoingia na moja ya kilichotoka, nimezisoma mimi. Lakini mita ni daftari la mhasibu. Inaandika, haigawi karata.

Kadi ya uanachama nayo inahesabu umecheza kiasi gani ili wajue wakupe soda au chakula. Haina njia ya kugusa ugawaji. Na hakuna kitufe cha meneja. Nimefungua makabati hayo mpaka nyaya za mwisho. Nilikuwa nikiitwa saa za usiku mashine imekwama, namkuta mtu amekaa pale pale kwenye kiti, hataki kusogea hata nipate nafasi ya kuweka bisibisi, eti mtu mwingine asije akachukua zamu yake ya kushinda. Nilikuwa namwambia taratibu, mzee, hakuna zamu. Hakuniamini hata mmoja, kwa sababu mimi nimevaa sare ya nyumba. Leo sina sare, ndiyo maana naandika.

KaskaziKusi, kuhusu kuzidisha dau, kwa heshima zote kaka. Anza na 100, zidisha kila ukipoteza. Ukipoteza mara tisa mfululizo umeshatoa 51,100, na dau la kumi ni 51,200. Huyu kijana ana 60,000. Hawezi kuliweka. Na mara tisa mfululizo si ajabu kwenye mashine ambayo mikono mingi zaidi ya nusu haikulipi kitu. Tarehe 18 Agosti 1913, pale Monte Carlo, mpira wa gurudumu la ruleti uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu waliendelea kurundika fedha kwenye nyekundu, kila mmoja akisema sasa lazima ije. Gurudumu halikuwa na deni kwao.

---

BintiMkomani

Nasoma kutoka Lamu. Huku hatuna kasino, lakini msidhani tumesalimika, kasino imo kwenye simu. Mdogo wangu anacheza ile ya ndege inayopaa, Aviator. Naye ameuziwa programu ya "kutabiri" ndege itaanguka wapi. Fundi, hiyo nayo ni hayo hayo? Na kwa kijana mwenye tuktuk: umesema hutaki mawaidha na nakuheshimu, lakini mimi sitanyamaza. Aya ya 90 ya Suratul Maida imetaja kamari pamoja na pombe. Mama yetu anauza mahamri alfajiri ili huyu mdogo wangu asome, na ada ya muhula imekwenda na ndege. Sisemi kwa hasira, nasema kwa kuwa nimeona uso wa mama.

---

FundiShela

Binti, pole sana, na mpe mama salamu zangu. Ndiyo, ni hayo hayo, tena mabaya zaidi. Kwenye ule mchezo, mahali pa kukatikia panaamuliwa na hesabu iliyofungwa kwa siri kabla ndege haijapaa, inafunuliwa baadaye. Programu iliyo kwenye simu ya mdogo wako haina mlango wa kuingilia humo. Inatupa namba tu, na ikipatia mara mbili ndiyo anaamini. Jiulize pia, mwenye kujua ndege itaangukia wapi ana haja gani ya kuuza programu kwa mtoto wa shule? Ifutwe leo, na abadilishe namba ya siri ya M-Pesa, maana programu za namna hii nyingine huja kuchungulia simu.

---

TuktukMaweni

Fundi, Mungu akulipe. Dada Binti, nimekusikia pia, sikukasirika.

Ila bado kuna kitu kinanisumbua. Umesema 9 na 6 ni hasara ya 184 tu kwa saa. Hiyo ni chini ya nauli za usiku mmoja. Na ule mkono mkubwa kwa dau la 100 unalipa 80,000. Sasa kama nikiwa mvumilivu, nisikosee, nikae mpaka uje, si nitakuwa nimetoka na tuktuk?

---

FundiShela

Hapa ndipo watu werevu wanapopotelea, kwa hiyo twende polepole.

Mkono huo, kwa mchezo sahihi wa 9 na 6, huja kwa wastani mara moja katika mikono 40,391. Kwa mikono 400 kwa saa, ni kama saa 101 za kukaa. Sasa sikiliza: ndani ya ile 99.54, karibu 2 nzima zimo kwenye mkono huo mmoja. Maana yake, kabla haujaja, hurudishiwi 99.54. Unarudishiwa kama 97.56. Kwa dau la 100, hiyo si 184 kwa saa tena, ni karibu 980. Zidisha kwa saa 101, umeshatoa karibu 98,600. Halafu unakuja, unalipwa 80,000. Umefurahi, umepiga kelele, ukumbi mzima umekutazama, na hesabu yako iko chini ya sifuri kwa 18,600.

Na huo ni wastani. Katika watu 100 watakaocheza mikono yote hiyo 40,391, kama 37 watakuwa bado hawajauona hata mara moja. Hao 60,000 zao zilikwisha zamani, wako kwa mkopeshaji.

Mwingine anaweza kuupata siku ya kwanza, sikatai. Huyo ndiye atakayesimuliwa barazani mwaka mzima. Wale 37 hawasimuliwi.

Waliokula kazi hiyo Marekani walikuwepo. Walikuwa wakitafuta mashine chache zenye jedwali linalozidi 100. Kuna moja ambayo kila karata ya 2 inashika nafasi ya karata yoyote unayoihitaji, na jedwali lake la zamani lililo kamili lilirudisha 100.76 kwa asiyekosea. Wakaongeza zawadi za uanachama juu yake. Na waliingia na mtaji wa kuvumilia miezi ya hasara, wakicheza maelfu ya mikono kwa siku bila kosa. Faida ya jedwali hilo ni chini ya shilingi moja katika kila mia iliyozunguka. Ukiitazama vizuri ni kibarua, na kibarua chenye mgongo kuuma. Na kasino zilipowajua, zilibadilisha majedwali.

Sasa mdogo wangu, nenda kwa abiria wako, mwombe akwambie jedwali la mashine anayocheza linasema ngapi na ngapi. Kama hajui jibu, ujue hiyo 99.5 aliisoma mahali, hakuiona kwenye kioo.

Na kitu kimoja zaidi ambacho ningekuwa naweza ningekibandika ukutani: haya yote ni ya mashine yenye leseni, iliyokaguliwa. Zile za vibandani za kutia sarafu, hata zikionyesha picha za K na Q, hakuna anayekuhakikishia kwamba ndani mna karata 52. Huko hesabu haipo kabisa, na hapo ndipo watoto wetu wanapoanzia.

---

KaskaziKusi

Sawa Fundi, mtungi naona umeuvunja. Lakini mbona husemi kwamba kasino zimewahi kushindwa? Wako waliohesabu karata wakazifilisi. Na hata mashine zimewahi kuibiwa siri.

---

FundiShela

Nasema, tena ni vizuri umeuliza.

Kuhesabu karata kulifanya kazi kwenye mchezo wa 21, ule wa mezani, na aliyeuthibitishia ulimwengu ni mwalimu wa hisabati wa Marekani, Edward Thorp, mwaka 1962. Siri yake ni hii: karata zilizokwisha kutoka mezani hazirudi mpaka zichanganywe, kwa hiyo zilizobaki zinajulikana zikoje. Kule meza inakumbuka. Mashine inachanganya zote 52 kila mkono. Ukihesabu unahesabu nini?

Na siri za mashine, ndiyo. Mwaka 2009 huko Las Vegas watu wawili walikula fedha nyingi kupitia kosa la programu katika mashine za Game King za kampuni ya IGT. Kwa mpangilio fulani wa vitufe, mashine ilikubali kulipa ushindi wa zamani kwa kiwango cha dau jipya lililo kubwa. Waligundua kosa, hawakugundua mbinu. Walikamatwa, wakashtakiwa, na mashtaka ya kuingilia kompyuta hayakufutwa mpaka 2013. Kosa lenyewe lilizibwa. Na kabla yao alikuwepo Ron Harris, huyu alikuwa mfanyakazi wa bodi ya Nevada inayokagua mashine. Aliingiza programu yake ndani ya mashine kwa kutumia nafasi ya kazi yake. Alinaswa 1995, na akafungwa.

Angalia waliofanikiwa ni kina nani, kaka. Mmoja alikuwa mkaguzi mwenye kuzifungua, wengine waliangukia kosa la mtengenezaji. Hakuna hata mmoja aliyeishinda kwa kukaa saa tisa usiku, wala kwa kusubiri ishibe. Mimi mwenyewe nilizifungua mashine hizo mchana na usiku, na sikuwahi kutia shilingi yangu.

---

KaskaziKusi

Haya. Hilo la mwisho limenigusa kuliko namba zote.

---

TuktukMaweni

Nimempigia jamaa. Nimemsomea ile ya saa 101 na 98,600, akanyamaza, halafu akasema maandishi yake hayakutaja jedwali mahali popote. Anadai anataka kurudishiwa 3,500 zake, lakini yule muuzaji wa Telegram ameshamfungia. Ameniuliza kama hayo ya kushika karata angalau yana faida yoyote kwake.

---

FundiShela

Mwambie anitumie picha za kurasa za karata, nitamtilia alama mstari ulio sahihi na usio sahihi. Kama anapenda huo mchezo, kuna programu za mazoezi za bure zisizo na fedha, atacheza humo mpaka achoke. Fedha yake asitie tena, na asikubali mtu yeyote atakayemfuata sasa akijitia kumsaidia kurudisha zile 3,500 kwa ada kidogo, maana huyo kwa kawaida ni muuzaji yule yule kwa jina jingine.

Na wewe, hizo 60,000 ziko kwa simu au ziko benki? Kama ziko kwa simu, kesho asubuhi zihamishe uziweke mahali ambapo kuzitoa kunahitaji kusafiri. Chama cha akiba cha waendeshaji wa hapo kituoni kwenu kipo? Ulizia masharti ya mkopo wa tuktuk kwa mwenye akiba ya 60,000, uniletee hapa karatasi yao ya riba. Hiyo nayo tutaipiga hesabu pamoja.